Parki ya Virunga na Chungu cha Jirani

Tuweke mfano. Mkristu mmoja, mwenye kukaa karibu na mpaka wa Parki ya Virunga, amwendea katekista wake, amwambia: « Mwalimu, mimi nachoma makala ndani ya parki. Shamba langu ni dogo, watoto ni saba, na dawa ni ya kununua. Walinzi wakinikamata nitafungwa, hilo nalijua. Lakini mbele ya Mungu, je, ni dhambi? Pasaka inakaribia, nami nataka kuungama. »

Katekista atajibu nini? Akisema: « Si kitu », amemdanganya. Akisema: « Ni wizi, acha », kisha akamwacha aende na njaa yake, amesema nusu tu ya kweli. Ulizo hili si dogo, na padri kijana atakayetumwa Rutshuru, Lubero au Beni atakutana nalo mapema. Kwa hiyo yafaa tulichunguze polepole: kwanza mambo yenyewe yalivyo, kisha mafundisho, mwisho kazi yetu.

I. Parki ilivyopata kuwako

Virunga ni parki ya taifa ya kwanza katika Afrika nzima. Mfalme Albert I wa Ubelgiji aliiweka tarehe 21 mwezi wa 4 mwaka 1925. Aliyeomba sana jambo hilo ni Mmarekani Carl Akeley. Mwaka 1921 alikuja kuwinda gorila kwa ajili ya makumbusho ya New York, lakini alipowaona kwa macho moyo wake uligeuka, akataka walindwe. Alirudi mwaka 1926, akafa mlimani, akazikwa pale Kabara, kwenye mabega ya mlima Mikeno.

Mwanzo parki ilikuwa ndogo, ya volkano na gorila tu. Baadaye ilipanuliwa, ikafika Ziwa Edwardi, bonde la Semliki na milima ya Ruwenzori. Leo ina kilometa za mraba 7 800 hivi. Jina la Virunga ilipewa mwaka 1969. Mwaka 1979 UNESCO iliiandika kati ya mali ya urithi wa dunia, na tangu mwaka 1994 imo katika orodha ya urithi ulio katika hatari.

Historia hii ina upande wa pili, nasi tusiufiche. Nchi ile haikuwa tupu. Walikuwamo wakulima, wafugaji na wavuvi, na wami walikuwa na haki zao juu ya ardhi. Parki ilipopanuliwa, watu wengi walihamishwa, wengine kwa sababu ya ugonjwa wa malale uliokuwa mabondeni. Wazee waliwasimulia watoto wao, na watoto wakawasimulia wajukuu: « Shamba la babu yenu lilikuwa kule, ng'ambo ya alama. » Ugomvi wa mipaka haujaisha mpaka leo. Anayehubiri juu ya parki bila kujua neno hili, wasikilizaji wake watamwinamishia kichwa kwa heshima, lakini moyoni watasema: « Padri huyu anasema kwa kinywa cha walinzi. »

II. Mali iliyomo

Wengine huuliza: Kwa nini kulinda wanyama, na watu wana njaa? Tuangalie Ziwa Edwardi. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikuwa karibu 30 000. Askari na watu wa silaha wakawaua kwa ajili ya nyama na meno, hata mwaka 2005 hawakufika 1 000. Sasa, kiboko hula majani nchi kavu usiku, na mchana hukaa majini na kuacha mavi yake humo. Mavi hayo hulisha vijidudu vya maji, na vijidudu hulisha samaki. Basi mtu aliyepiga kiboko risasi alipunguza pia chakula cha samaki wanaovuliwa Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Mchuma janga hula na wa kwao.

Na msitu ni vivyo hivyo. Mizizi yake hushika udongo wa mitelemko, na kivuli chake hutunza maji. Mteremko uliokatwa miti yote hutoa mavuno mazuri miaka michache, kisha mvua huuchukua udongo na kuupeleka bondeni.

Adui mkubwa wa msitu huo ni makala. Goma ni mji mkubwa uliojengwa juu ya mawe ya volkano. Watu wengi hupika kwa mbabula, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya makala yao ilitoka parkini. Kwa tanuru ya udongo, kilo moja ya makala hula kilo nyingi za kuni. Mwaka 1994, wakimbizi mamia ya maelfu kutoka Rwanda walipowekwa Kibumba, Katale na Mugunga, waliingia msituni kutafuta kuni, nani angewazuia? Baadaye vikundi vya silaha viliona kwamba makala ni mali, vikaanza kutoza ushuru kwa kila gunia. Mwezi wa 7 mwaka 2007 gorila wa jamaa iitwayo Rugendo waliuawa kwa risasi, wala hawakuliwa, wala hawakuuzwa. Wengi waliona hapo mkono wa wenye biashara ya makala, waliotaka kuwatisha walinzi.

Tusisahau nao walinzi wenyewe. Zaidi ya 200 wamekwisha kufa katika kazi hiyo. Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 2020, siku moja tu, waliuawa 12 karibu na Rumangabo. Wengi wao ni wana wa vijiji vile vile, na wajane wao huketi katika makanisa yetu.

III. Watalii: msaada, si msingi

Wengi husema: « Dawa ni watalii. » Neno hilo lina kweli ndani yake. Watalii walikuja kutazama gorila na moto wa Nyiragongo, walilipa, na fedha hiyo ililipa walinzi, wapishi na wachukuzi. Katika milima ya volkano ile ile, upande wa Rwanda, ruhusa ya kutazama gorila ni dola 1 500 tangu mwaka 2017, na mwaka huo huo sehemu ya majirani katika mapato ya parki ilipandishwa kutoka 5 hata 10 kwa mia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 gorila wa milima hiyo, katika nchi zote tatu, walikuwa 250 hivi. Hesabu ya miaka 2015 na 2016 ilipata 604. Bila walinzi, waganga wa wanyama na fedha ya wageni, hilo lisingekuwa.

Lakini tazameni udhaifu wake. Mwezi wa 5 mwaka 2018 watalii wawili Waingereza walitekwa, na mlinzi kijana, mwanamke, akauawa akiwalinda. Parki ikafunga mlango kwa watalii mpaka mwezi wa 2 mwaka 2019. Mwezi wa 3 mwaka 2020 ikafunga tena, kwa sababu ya Korona. Kisha vita ya M23 ikaenea Rutshuru, na mwezi wa 1 mwaka 2025 Goma yenyewe ikatekwa. Mtalii ni kama ndege wa msimu: asikiapo mlio wa bunduki, huruka. Kama gorila analindwa kwa ajili ya dola peke yake, siku dola isipokuja ataokolewa na nani? Tena, kama thamani ya msitu ni bei yake tu, atakayekuja na bei kubwa zaidi atauchukua.

Naye amekwisha kuja. Kampuni ya Waingereza, SOCO, ilipata ruhusa ya kutafuta petroli pande za Ziwa Edwardi. Baada ya mabishano makubwa iliahidi mwaka 2014 kuacha. Mwaka 2022 Serikali ilitoa tena vipande vya petroli kwa mnada, na vingine viligusa Virunga. Mnada huo ulifutwa mwaka 2024. Petroli huisha. Ziwa lenye samaki, likitunzwa, haliishi.

Kuna njia nyingine, nayo ni faida ya kila siku inayomfikia jirani hata mtalii asipokuja. Huko Mutwanga, chini ya Ruwenzori, maji yatelemkayo kutoka parkini huzungusha mashine za umeme tangu mwaka 2013, na kiwanda cha sabuni kikapata nguvu. Mwezi wa 12 mwaka 2015 mashine kubwa zaidi, za megawati 13 na zaidi, zilianza kazi Matebe, katika mto Rutshuru. Mwenye kinu, fundi wa mbao, mama wa duka dogo, hao wote wakiona taa inawaka wanajua maji yana maana gani. Njia hii nayo haijakamilika: masikini wengi hawawezi kununua umeme wa kupikia, na makala hubaki jikoni. Lakini imeelekea panapofaa.

IV. Mafundisho

Neno la kwanza. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, Mungu amweka mtu katika bustani ili ailime na kuitunza. Amri ni mbili pamoja. Anayetunza bila kumwacha mtu alime amekata amri vipande viwili. Anayelima bila kutunza amefanya vile vile. Tena Torati, sura ya 22 ya Kumbukumbu, yamkataza mtu aliyekuta kiota kuchukua mama ndege pamoja na makinda. Achukue makinda, mama amwache. Maana yake ni wazi: kula matunda, usile mzizi.

Neno la pili. Mali ya dunia imewekwa kwa ajili ya watu wote. Mtakatifu Toma wa Akwino afundisha kwamba mtu aliye katika shida ya mwisho, akichukua kilichomponya na kifo, hakuiba. Mtaguso wa Vatikano wa pili ulikumbusha mafundisho hayo mwaka 1965. Lakini angalieni: shida ya mwisho ni ya leo, na kipimo chake ni chungu cha leo. Haimfuniki mwenye lori la magunia, wala askari anayetoza ushuru njiani, wala mkubwa anayekaa mjini na kupokea sehemu yake. Hao huwaibia majirani, na watoto ambao hawajazaliwa.

Neno la tatu. Amri ya saba ina makali pande mbili. Anayeharibu mali ya wote ana deni la kurudisha. Lakini naye aliyechukua ardhi ya watu kwa ajili ya faida ya wote, bila kuwalipa sawasawa, ana deni. Sheria ya kulinda msitu ni ya haki na yafunga dhamiri. Walakini haki yake haifuti deni la kale. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua Laudato si' ya mwaka 2015, aliyotaja ndani yake bonde la Kongo, aliyashika mambo hayo mawili pamoja: ardhi iliyojeruhiwa na masikini aliyejeruhiwa wasitenganishwe.

V. Basi tufanye nini?

Tumrudie mkristu wetu. Mwungamishi amwulize kwa upole: Wakata kiasi gani? Kwa kula au kwa biashara? Kuna njia nyingine uliyoiacha? Kama ni njaa kweli, asimtwishe mzigo wa dhambi ya mauti. Amwonyeshe hata hivyo kwamba analotenda ni jeraha, na wajibu wa kutafuta njia nyingine ni wa kwake na wa jumuiya nzima. Kurudisha kwake kwaweza kuwa kupanda miti penye shamba lake. Tangu mwaka 2007 wakulima wengi pembeni mwa Virunga wamepanda miti ya makala kwa msaada wa mradi wa EcoMakala, na mti uliopandwa na mtu ni wake kuukata. Mwenye lori naye asipate maondoleo ya bei rahisi.

Kwa wakristu walio katika kazi za Serikali, tuna mfano wetu wenyewe. Mwenye heri Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, kazi yake kupima bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ya wenye chakula kilichooza, wakamwua mwezi wa 7 mwaka 2007, mwezi ule ule walipouawa gorila wa Rugendo. Alitangazwa mwenye heri Roma tarehe 15 mwezi wa 6 mwaka 2025. Kila gunia la makala ya parki hupita mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kusema ndiyo au hapana. Tuwafundishe vijana wetu jina la Floribert kabla hawajapewa mamlaka hayo.

Mapadri na makatekista wasikilize pia maneno ya mipaka, wayapeleke kwa wakubwa wa parki na kwa wami, wasiogope kwamba watasumbua. Waombe kwamba sehemu ya majirani katika mapato isemwe wazi mbele ya kijiji, franka kwa franka, na kazi iliyofanywa nayo ionekane.

Neno la mwisho ni kwa sisi wa seminari. Nyumba zetu hupikia watu wengi kila siku. Tushuke jikoni, tumwulize mpishi: Makala haya yatoka wapi? Kama hajui, basi hata sisi hatujui, na yule mkristu anayechoma msituni huenda anatuchomea sisi. Tuanze hapo: tununue mbabula zisizokula makala mengi, tupande miti penye ardhi ya misioni, tujue jina la aliyetuuzia. Ndipo katekista, akiulizwa ulizo lile kabla ya Pasaka, atakapoweza kulijibu bila kuona haya.