Heinrich Holland

Heinrich Dieter Holland (27 Mei 1927 – 21 Mei 2012) alikuwa mwanajiokemia wa Marekani aliyezaliwa Mannheim, Ujerumani. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya historia ya angahewa na bahari za Dunia. Alionyesha jinsi hewa ya zamani, ingawa imetoweka, inavyoweza kuchunguzwa kupitia alama za kikemia ilizoacha katika miamba.

Maisha

Holland alizaliwa katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1939 alipelekwa Uingereza pamoja na watoto wengine waliookolewa kutoka utawala wa Wanazi, na mwaka 1940 alifika Marekani. Alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Princeton, akapata shahada ya uzamivu kwenye Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1952. Alifundisha Princeton hadi mwaka 1972, kisha Chuo Kikuu cha Harvard hadi mwaka 2006. Aliandika vitabu viwili vikubwa kuhusu kemia ya angahewa na bahari, kimoja mwaka 1978 na kingine mwaka 1984. Mwaka 1994 alipewa Medali ya V. M. Goldschmidt ya Jumuiya ya Jiokemia.

Swali la oksijeni

Leo oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa. Gesi hii huungana kwa urahisi na elementi nyingine, hivyo ingepungua hadi kwisha kama mimea, miani na sianobakteria wasingeitoa daima kwa njia ya usanisinuru. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi, na hapo mwanzo hewa yake haikuwa na oksijeni huru. Swali lililomshughulisha Holland ni lini gesi hii ilianza kubaki hewani, na kwa nini wakati huo.

Ushahidi wa miamba

Ushahidi mmoja hutoka Witwatersrand, Afrika Kusini, katika miamba yenye dhahabu. Miamba hiyo ilikuwa changarawe ya mito zaidi ya miaka bilioni 2.7 iliyopita. Ndani yake kuna punje za pairiti na uraniniti zilizoviringishwa na maji. Katika mito ya leo uraniniti huyeyuka haraka kwa sababu maji yana oksijeni. Kudumu kwa punje hizo kunaonyesha kwamba hewa ya wakati ule ilikuwa na oksijeni kidogo mno.

Ushahidi wa pili ni udongo wa kale uliogeuka kuwa mwamba. Maji ya mvua huyeyusha chuma kilichomo katika mawe. Pasipo oksijeni, chuma hicho huchukuliwa na maji na udongo hubaki bila chuma. Penye oksijeni, hugeuka kuwa kutu na kubaki palepale, kama inavyoonekana katika udongo mwekundu wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mwaka 1998 Holland na Rob Rye walionyesha kwamba udongo wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.2 ulipoteza chuma, lakini ule uliofuata ulikihifadhi.

Hoja hizi zilipingwa. Hiroshi Ohmoto, kwa mfano, alidai kwamba oksijeni ilikuwa nyingi mapema zaidi, na kwamba chuma kingeweza kuondoka katika udongo kwa njia nyingine. Mwaka 2000 James Farquhar na wenzake walitoa ushahidi mpya usiotegemea chuma wala urani. Waligundua kwamba sulfuri katika miamba ya kale ina uwiano wa isotopi usio wa kawaida, ambao hutokea pale mionzi ya Jua inapovunja gesi za sulfuri katika hewa isiyo na oksijeni. Alama hiyo hutoweka kati ya miaka bilioni 2.4 na 2.3 iliyopita. Wanasayansi wengi sasa wanakubali tarehe hiyo. Mabadiliko hayo huitwa Tukio Kuu la Oksijeni, jina lililoenea kupitia makala ya Holland ya mwaka 2002.

Sababu za kuchelewa

Katika makala hiyo Holland alieleza kwamba volkeno hutoa gesi kama hidrojeni na hidrojeni sulfidi, ambazo hula oksijeni. Kwa muda mrefu gesi hizo zilitosha kumaliza oksijeni yote iliyotolewa na viumbe. Uwiano wake ulipopungua, oksijeni ilizidi mahitaji ikaanza kujilimbikiza. Suala la sababu bado linajadiliwa.

Bahari

Bahari za kwanza zilikuwa na chuma kingi kilichoyeyuka. Chuma hicho kilijikusanya chini kama miamba yenye tabaka, ambayo leo ni chanzo kikuu cha madini ya chuma duniani. Kwa vipindi vya karibu zaidi, Holland na wenzake walichunguza vitone vya maji ya bahari vilivyonaswa ndani ya fuwele za chumvi. Mwaka 2002 walionyesha kwamba viwango vya magnesi, kalsi na sulfati vimebadilika mara kadhaa katika miaka milioni 540 iliyopita.

Mwaka 2006 Holland aligawa historia ya oksijeni katika hatua tano, kuanzia miaka bilioni 3.85 iliyopita hadi leo.