Msamaria Mwenye Haraka

Mtu kajiinamia mlangoni mwa kichochoro, macho kafumba. Akipitwa anakohoa mara mbili na kugumia. Wanaompita ni wanafunzi wa theolojia wa Princeton, Marekani, na baadhi yao wanakwenda kutoa hotuba juu ya Msamaria Mwema. Hawajui kwamba mgonjwa ni wa kuigiza, kawekwa pale na wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1973. Kati ya wanafunzi 40 ni 16 tu waliotoa msaada, na kuwa na Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Saa ndiyo iliyoleta. Kati ya walioambiwa bado wana nafasi, asilimia 63 walisaidia. Kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Wapo waliomruka kabisa, wakawahi kuhubiri huruma.

Anayeamini kwamba dini ndiyo chemchemi ya wema hapati faraja hapo. Lakini hata anayesema wema ni hulka tu ana la kujibu: hulka gani hiyo inayoyeyuka kwa kuambiwa umechelewa?

Kusema imani haina kazi nako ni kukurupuka. Mwaka 2016 jarida la Nature lilitoa utafiti wa watu 591 kutoka jamii nane, wakiwemo Wahadzabe wa Tanzania. Kila mmoja alipewa sarafu 30, dadu ya rangi mbili na vikombe viwili, kimoja chake au cha mtu wa kwao, kingine cha mgeni wa mbali. Unachagua kikombe moyoni, unarusha dadu, na rangi inayotokea inaamua kama sarafu iingie humo au kwenye kile kingine. Kwa kuwa chaguo limo moyoni, kudanganya ni rahisi mno. Walioamini mungu wao anajua mawazo ya watu na huadhibu waliwatendea haki zaidi wageni wa mbali. Ila wageni hao walikuwa wa dini yao.

Hapo ndipo penye utata, maana hata kusali pamoja si kinga. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, huko Nyange, Rwanda, Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisani, na kanisa likabomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, kifungo cha maisha katika rufaa ya mwaka 2008.

Katika nchi hiyohiyo, wakati wa mauaji hayohayo, bibi mmoja aitwaye Zura Karuhimbi aliwaficha watu zaidi ya 100 nyumbani kwake. Hakuwa na silaha. Alijulikana kwa uganga, basi wauaji walipofika alitikisa vikuku vyake na kuwaambia kwamba wakithubutu kuingia, mizimu itawashukia. Waliondoka. Miaka mingi baadaye aliliambia gazeti moja kwamba uchawi hakuwa nao hata kidogo: aliamini Mungu mmoja, na mizimu aliitunga ili kuokoa watu.