Vidonge vya ‘chuma’ visivyo na chuma

RUBAVU. Anayeshuka kutoka Mudende na gunia la viazi kwenda kuuza Goma hulipwa kwa nguvu za miguu yake. Magoti yakiuma au kizunguzungu kikimshika, siku ya soko imepotea.

Kwa matatizo hayo wapo wanaosifia homiopathi ya madini, hasa Ferrum metallicum, yaani chuma. Tiba hiyo ilianzishwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, mwaka 1796. Sehemu 1 ya dawa huchanganywa na 99 za kitu kingine, kisha hatua hiyo hurudiwa. Alama 30C maana yake imerudiwa mara 30. Ikivuka mara ya 12, haitarajiwi kubaki hata chembe moja ya chuma. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilisema hakuna ugonjwa wenye ushahidi wa kuaminika kwamba homiopathi inautibu.

Upungufu wa damu hutaka chuma halisi, na kujua chanzo: malaria, minyoo, hedhi nzito au ujauzito. Rwanda ina maharage yaliyoongezwa chuma kwa uzalishaji wa mbegu. Huko Huye, wanafunzi wa kike waliokuwa na upungufu wa chuma waliyala kwa siku 128, na damu yao ikaongezeka. Chai usinywe pamoja na chakula. Huzuia chuma kufyonzwa.

Kwa magoti, punguza mzigo. Goti likivimba na kuwa la moto, au ukipata homa, nenda kituo cha afya. Kipimo cha damu ni tone tu la kidoleni.