Mto Ukipanuliwa, Makaburi ya Kibra Yatalindwa na Nani?

Imamu Malik amepokea katika Muwatta habari ya masahaba wawili wa Kiansari, Amr bin al-Jamuh na Abdullah bin Amr, waliouawa Uhud wakazikwa kaburi moja. Mafuriko yalilimega kaburi lao, ikabidi wahamishwe. Miaka 46 ilikuwa imepita tangu vita, nao walikutwa kana kwamba wamefariki jana. Katika madhehebu yetu ya Shafii kufukua kaburi ni haramu ila kwa dharura, na wanazuoni wameyataja maji yanayolifikia kaburi miongoni mwa dharura hizo.

Mas-ala haya ya vitabuni sasa yamefika Nairobi, waishiko wengi wa watoto wetu wa pwani. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliwaamuru waliojenga ndani ya mita 30 za kingo za mito wahame. Machi 2025, Rais William Ruto alizindua mpango wa kuusafisha Mto Nairobi. Familia za Kawangware 56 na za Kibra, ambako Mto Motoine hupita ukaingie Bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953 na leo limejaa matope na magugu, zinajua vema mto usiopitisha maji huwafanya nini walio kandokando yake.

Basi niseme wazi: kuzibua mto ni kheri. Kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, na maji machafu yanayoingia chumbani alikolala mtoto ni udhia mkubwa kuliko jiwe la barabarani. Wala siwaungi mkono wanaokiita kila kibanda cha kodi “turathi” pindi wanapoliona tingatinga.

Lakini Kibra ina turathi ya kweli. Jina lenyewe ni la Kinubi, maana yake msitu. Askari Waislamu kutoka Sudan, waliotumikia jeshi la King's African Rifles, walipewa makazi pale, na mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 likatangazwa rasmi. Juni 2017 Wanubi walipokabidhiwa hati ya ardhi ya jamii, ilikuwa ya ekari 288. Msomaji na azitazame tena tarakimu hizo mbili. Kwa zaidi ya miaka 90 baina yake, waliishi, wakajenga misikiti, wakazika wazee wao, bila ya hati. Kaburi ndilo lililokuwa hati yao.

Nayo haikuandikwa mahali ila vichwani, hasa vya kina mama. Bibi ndiye ajuaye kuwa chini ya mti ule amelala shangazi wa babu, na kwamba safu ile ni ya waliokufa na ndui. Ndiye anayesuka tabaga za rangi na kujifunga gurbaba siku ya harusi. Anapoondoka duniani, huondoka na ramani. Mhandisi aliyeshika mchoro ataona kichaka kitupu.

Jina la Wanubi lina kisa kingine kuhusu maji, ijapokuwa asili ya askari wa Kibra ni pana kuliko bonde la Nile. Bwawa kuu la Aswan lilipojengwa, UNESCO ilianzisha kampeni mwaka 1960, na mahekalu ya Abu Simbel yakakatwa vipande, yakapandishwa mlimani. Kazi ikakamilika mwaka 1968. Wanubi wapatao laki moja wa Misri na Sudan walihamishwa, na makaburi ya wazee wao yakabaki chini ya ziwa. Masanamu ya Firauni yalipata wahandisi.

Hapa Kenya sheria ipo. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 haishurutishi mahali pawe pa kale sana. Waziri anaweza kupatangaza mahali popote penye thamani ya historia katika Gazeti Rasmi. Mradi mkubwa hautakiwi kuanza kabla ya tathmini ya athari kwa mazingira, na maoni ya wenyeji husikilizwa humo. Lamu wamekwishaonja matunda yake: Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kuwa mradi wa bandari ulikiuka haki ya utamaduni ya wenyeji na kwamba hawakushirikishwa ipasavyo.

Kasoro ni kwamba asiyeomba hatangaziwi. Kamati za misikiti ziandike barua kwa Makavazi ya Taifa sasa, kabla ya vigingi kupigwa. Na kwenye baraza liulizwe swali moja la kipimo, kwani kanuni za maji zinataja ukingo wa mita 6 hadi 30: hapa kwetu mtapima ngapi? Kaburi lililo mita 15 kutoka mtoni limesalimika kwa kipimo kimoja na limeondoka kwa kingine. Ikithibitika hapana budi lihamishwe, ahli zake waitwe, mifupa ikusanywe kwa mikono si kwa mashine, kwani Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai.

Na nyumbani, kabla ya barua yoyote, binti akae na bibi yake na daftari. Aandike jina la aliyezikwa, mwaka kwa kukadiria, na alama iliyo karibu. Kisha waende pamoja na simu, wapige picha, bibi akionyesha kwa fimbo.