KUWATUNZA KUKU WAKATI WA KIPUPWE KATIKA NYANDA ZA JUU KUSINI

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti, baridi kali huingia Makete, Njombe, Mufindi na sehemu nyingine za Nyanda za Juu Kusini. Huko Kitulo sakitu huonekana juu ya majani wakati wa asubuhi. Majira hayo ndiyo wafugaji wengi hupoteza vifaranga na kuona mayai yakipungua. Hasara hiyo si ya mfugaji peke yake. Chama kilichowakopesha wanachama wake vifaranga hukosa marejesho, na mwanachama hubaki na deni la kuku waliokwisha kufa. Ndiyo maana jambo hili lawahusu makatibu kama linavyowahusu wafugaji.

Kuku mkubwa na kifaranga

Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi za sentigredi. Kuku mkubwa mwenye manyoya kamili huweza kuistahimili baridi ya usiku, kwa sababu manyoya yake hushika hewa yenye joto mfano wa blanketi. Kinachomdhuru zaidi ni upepo unaompiga moja kwa moja, pamoja na unyevu. Manyoya yaliyolowa hayazuii baridi.

Kifaranga hana blanketi hilo. Katika wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, nalo hupunguzwa nyuzi 3 hivi kila wiki mpaka zifike nyuzi 21. Asipolipata, vifaranga hurundikana ili kutafutana joto, na wale wa chini hukosa pumzi wakafa. Mfugaji asiye na kipimajoto atazame vifaranga wenyewe. Wakijikusanya karibu na jiko, wanaona baridi. Wakilikimbia na kupanua midomo, joto limezidi. Wakitawanyika na kula kwa utulivu, joto linatosha.

Wakati wa kuagiza vifaranga

Vifaranga hukamilisha manyoya yao wanapokaribia umri wa wiki sita. Kwa hiyo, vifaranga wanaofika mwezi wa Machi au mwanzoni mwa Aprili huingia katika baridi wakiwa na manyoya. Wale wanaofika Juni au Julai hulelewa katika wakati mgumu kuliko wote, na mkaa mwingi hutumika. Chama kisicho na mahali imara pa kulelea ni afadhali kingoje hadi Septemba.

Banda na hewa

Katika miezi ya kipupwe upepo wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, na jua la mchana hukaa upande wa kaskazini mwa anga. Banda lijengwe urefu wake ukielekea mashariki na magharibi. Ukuta wa kusini uzibwe vizuri kwa matofali, udongo au mabanzi. Upande wa kaskazini uachwe na madirisha ya wavu ili jua liingie. Vitabu vingi vya Ulaya huelekeza kinyume chake, yaani madirisha yatazame kusini, kwa sababu huko jua hukaa upande wa kusini.

Hata hivyo, kuziba banda zima ni kosa kubwa. Kuku hutoa mvuke mwingi kwa pumzi na kinyesi chake. Mvuke huo usipotoka, matandazo hulowa na kutoa harufu kali ya amonia inayounguza macho na kuharibu njia ya hewa. Ndipo mafua huingia. Acheni nafasi ya wazi chini ya paa, juu ya vichwa vya kuku. Katibu au bwana mifugo anayekagua banda na achutame mpaka afikie kimo cha kuku: akihisi macho yanamwasha, hewa haitoshi. Matandazo ya maranda yawe na kina cha sentimeta 10 hivi, na palipolowa pabadilishwe mara moja.

Tahadhari juu ya jiko la mkaa

Mkaa unaowaka mahali palipozibwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huua vifaranga, na huua watu pia. Jiko liwashwe nje mpaka moshi uishe, ndipo liingizwe bandani, nalo lizungushiwe kizuizi ili vifaranga wasiungue. Nafasi ya juu ya kupitisha hewa isizibwe kamwe. Mtu yeyote asilale katika chumba chenye jiko hilo, hata kwa nia ya kulinda vifaranga.

Chakula, maji na mayai

Katika nchi za baridi mayai hupungua hasa kwa sababu mchana huwa mfupi mno. Kwetu mchana wa Juni hupungua kwa nusu saa hivi tu. Sababu kubwa zaidi ni chakula. Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, na wakati wa baridi huhitaji zaidi. Akipewa kipimo kilekile, hukitumia kwanza kuutia mwili joto, na kinachobaki hakitoshi kutengeneza yai. Mwongezeeni chakula, na jioni mpeni punje kidogo za mahindi ili apate joto la usiku. Mahindi yasichukue nafasi ya chakula cha mayai, kwani yana protini kidogo na chokaa haba. Maji nayo yawe vuguvugu asubuhi: kuku hapendi maji ya baridi sana, na asiyekunywa hatagi.

Chanjo ya mdondo

Baridi na ukame huambatana na hatari ya mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu hauna dawa, lakini una kinga. Chanjo ya I-2, ambayo hutengenezwa nchini, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani. Hutolewa kwa tone moja katika jicho moja, kwa kuku wa kila umri, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka. Kwa hiyo chanjo itolewe Mei, si siku ugonjwa unapoingia kijijini.

Hapa ndipo faida ya ushirika huonekana. Chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na ikishafunguliwa haikai. Mfugaji akiwa peke yake huiona ghali na kuiacha. Wafugaji ishirini wakichanga, kila mmoja hulipa kidogo. Makatibu wanaombwa kuorodhesha kuku wa wanachama mwezi wa Aprili, kukusanya michango, na kupanga siku moja ya kuchanja kwa kila kitongoji. Kuku wa jirani asiyechanjwa ni hatari kwa kuku wa kitongoji kizima.