Kampuni iliyofuta idara zake

Mwaka 1991 kampuni ya Oticon ya Denmark, inayotengeneza vifaa vya kuwasaidia watu wenye matatizo ya kusikia, ilichukua hatua iliyowashangaza wengi. Mkurugenzi wake, Lars Kolind, alifuta idara na vyeo katika makao makuu ya kampuni hiyo, jirani na mji mkuu Copenhagen. Kazi zote zikapangwa kwa miradi.

Mfanyakazi mwenye wazo alilipeleka mbele ya kamati ya wakuu. Likikubaliwa, alitafuta wenzake wa kulifanyia kazi, na mtu mmoja aliweza kuwamo katika miradi kadhaa. Ofisi za binafsi hazikuwepo tena. Kila mmoja alipewa kikabati chenye magurudumu, akakisukuma hadi pale mradi wake ulipo.

Kampuni hiyo, iliyokuwa imepata hasara katika miaka ya 1980, ilirudi kwenye faida na bidhaa mpya zikatoka upesi.

Hata hivyo, mwaka 1996 Oticon ilianza kuurudisha utaratibu wa kawaida. Kwa nini? Katika utafiti wake wa mwaka 2003, mtaalamu Nicolai Foss anaeleza kuwa wakuu wale wale waliotoa uhuru waliendelea kuingilia miradi na hata kuisimamisha, na wafanyakazi wakavunjika moyo.

Kwa hiyo, anayetaka kuunda vikundi vya miradi kazini kwake aamue mapema nani ana haki ya kuuvunja mradi, na kwa sababu zipi. Kisha wafanyakazi wote waelezwe.