Mfuko Umeondoka, Nyongo Ipo

Ngamia wanaobeba watalii kwenye fukwe za kaskazini mwa Mombasa, Nyali, Bamburi hadi Shanzu, hawana mfuko wa nyongo. Farasi hana, wala ndovu wa Tsavo. Mbuzi anao, na kila aliyesimama karibu na mchinjaji siku ya Idi amemwona akiutenga na ini taratibu kwa ncha ya kisu, maana ukipasuka nyama huwa chungu.

Wachinjaji huuita mfuko ule nyongo, na majimaji ya kijani yaliyomo ndani huitwa nyongo pia. Hapo ndipo wagonjwa wengi wanapopotea. Mtu anarudi nyumbani Shanzu akiwa ameambiwa ametolewa nyongo, na jamaa zake wanafahamu kwamba mwili wake hauna tena cha kusagia mafuta. Miezi inapita anakula wali mkavu na mchicha wa kuchemsha, anakonda, na akiona mahamri anageuza uso. Mwingine huelewa kinyume: kilichomuuma kimetoka, basi amepona, na siku ya tatu anapakuliwa biriani. Wote wawili wamekosea, na kosa ni lile lile moja.

Nyongo hutengenezwa na ini. Ini la mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita nzima kwa siku, na daktari hakuligusa. Alichokitoa ni ghala dogo la kubeba mililita 30 hadi 50, ambamo nyongo ilikuwa ikisubiri na kukolea. Mafuta yalipoingia utumboni, mfuko ulijikunja na kuimwaga kwa mkupuo, nayo ikayavunja mafuta kuwa matone madogo, kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria iliyopikiwa pilau. Sasa mkupuo haupo. Nyongo inadondoka utumboni kidogo kidogo, usiku na mchana, chakula kiwepo kisiwepo. Kwa hiyo swali la kujiuliza mezani si chakula gani kimeharamishwa, bali ni mafuta kiasi gani yanaingia kwa mlo mmoja.

Carl Langenbuch, daktari wa Berlin aliyekuwa wa kwanza kuutoa mfuko huu, tarehe 15 Julai 1882, alitegemea jambo lile tuliloanza nalo: wako wanyama wanaoishi bila mfuko na afya zao ni njema. Mgonjwa wake, mwanamume wa miaka 43, alipona. Siku hizi wengi hupasuliwa kwa matundu madogo, njia iliyoanzishwa na Erich Mühe huko Ujerumani mwaka 1985, na baada ya wiki moja au mbili huwa wamesharudi kazini.

Pwani ina sababu yake ya kulijali suala la mfuko huu mapema. Mtu mwenye ugonjwa wa selimundu huvunjikiwa na chembe nyekundu za damu kabla ya wakati, na mabaki yake huganda kuwa mawe meusi ndani ya mfuko, na mawe ndiyo mara nyingi husababisha mfuko utolewe. Ugonjwa huu ni wa kawaida katika ukanda huu. Kule Kilifi, ng'ambo ya daraja la Mtwapa, watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, wamewafuatilia watoto wenye selimundu kwa miaka mingi. Ndiyo maana anayetolewa mfuko hapa si lazima awe mama wa makamo mwenye uzito mkubwa, kama wengi wanavyodhani. Anaweza kuwa kijana wa sekondari, naye ana miaka mingi ya kula mbele yake.

Basi ale nini? Jikoni mwa Pwani jibu linaanzia kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Tui la kwanza, kasimile, lina mafuta mengi sana: gramu 100 zake zinaweza kuwa na gramu 20 au zaidi. Tui la pili na la tatu ni jepesi. Katika wiki za mwanzo mpishi aiweke kasimile kando kwa ajili ya wengine na ampikie mgonjwa wali au mchuzi kwa tui jepesi. Ladha haipotei yote, na hilo lina maana, kwa kuwa chakula kisicholika hakimjengi mtu. Wapo wanaosikia kwamba mafuta ya nazi hayahitaji nyongo. Ni kweli kwa sehemu ndogo tu ya mafuta hayo. Mengi yaliyobaki yanaihitaji. Dafu ni habari nyingine kabisa: maji yake karibu hayana mafuta.

Changu wa kuchoma, au wa mchuzi wa ukwaju, ni chakula kizuri tangu siku za mwanzo. Vivyo hivyo muhogo wa kuchemsha, sima, kuku aliyeondolewa ngozi, ndizi mbivu na uji. Mbaazi zina nyuzinyuzi zinazofaa, lakini hujaza gesi, basi zianze kwa vijiko vichache. Kinachosumbua zaidi ni karai. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni takriban gramu 14 za mafuta matupu, na viazi karai, bajia na mahamri hunywa mafuta kuliko mlaji anavyofikiri. Kuyakimbia mafuta yote nako kuna madhara, kwani vitamini A, D, E na K husafiri ndani yake. Hamri moja asubuhi, baada ya mwezi hivi, ikipita salama, ni dalili njema.

Ramadhani inahitaji neno lake. Tumbo lililokaa tupu mchana kutwa, kisha likapokea sambusa, kaimati na nyama kwa dakika kumi, huweza kumkimbiza mtu msalani kabla ya tarawehe. Tende, maji na uji vitangulie. Vya kukaanga vije baadaye na viwe vichache. Aliyepasuliwa karibuni amuulize daktari wake kabla ya kuanza kufunga.

Kuharisha ndilo lalamiko la kawaida. Nyongo inayotiririka bila kukoma hufika utumbo mpana kwa wingi kuliko zamani, na huko huvuta maji. Kwa wengi hali hii hutulia baada ya wiki kadhaa. Kahawa tungu na pilipili nyingi huichochea. Bamia, ndizi na uji wa shayiri huituliza. Isipotulia, mtu asiizoee kama ada ya maisha, maana dawa ipo. Kolestiramini ni unga unaoinasa nyongo utumboni. Kwa vile hunasa na dawa nyingine, hizo humezwa saa moja kabla yake, au saa nne hadi sita baadaye. Kile kinywaji cha mafuta na ndimu kinachosifiwa kuwa husafisha nyongo hakimfai mtu huyu hata kidogo: mfuko wenyewe haupo, na glasi ya mafuta itaongeza kuharisha tu.

Ziko dalili zisizongoja mabadiliko ya chakula: macho kugeuka manjano, mkojo kuwa kama chai ya rangi, choo kupauka kama udongo mweupe, homa yenye kutetemeka, au maumivu makali chini ya mbavu za kulia. Huenda jiwe limebaki kwenye mrija unaotoka kwenye ini. Mwenye selimundu, ambaye macho yake huwa na umanjano siku zote, aangalie kama umezidi ule aliouzoea. Yeyote mwenye dalili hizi aende hospitali siku hiyo hiyo, na achukue karatasi alizopewa alipotoka wodini, maana daktari atataka kujua upasuaji ulifanywa lini na kwa njia gani.